Getini Saa Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Kikundi cha Mazoezi cha Wastaafu Mtaani Nairobi

Kuna swali ambalo mstaafu wa Nairobi huulizwa mpaka anaanza kukwepa watu: "Kumbe bado uko hapa? Hukurudi nyumbani?" Anayeuliza hana nia mbaya. Amezoea kwamba mtu akimaliza kazi hupakia vitu kwenye lori na kwenda ushago kufuga ng'ombe. Lakini wengi wetu hatujaenda. Kuna ambao nyumba yao ya pekee iko Umoja au Buruburu, kuna ambao shamba liligawanywa zamani, kuna ambao kliniki yao ya sukari iko hapa, na kuna tunaolea wajukuu. Unabaki mjini kama mgeni aliyepita siku ya tatu na hakuna aliyempa jembe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa pili baada ya kustaafu, jirani yangu alilazwa hospitalini wiki tatu. Tunatumia geti moja na mlango wake unatazamana na wangu, lakini nilijua aliporudi, sikujua alipoondoka. Aliniambia, "Mwalimu, nikiwa kitandani nilikuwa nahesabu ni nani atauliza niko wapi. Nikampata muuza maziwa peke yake." Maneno hayo yaliniuma kuliko ningependa kukiri. Wiki iliyofuata tulianza kutembea, mimi na yeye, kutoka getini hadi dukani na kurudi.

Ninayoandika hapa ni kwa mtu anayetaka kuanzisha kikundi cha watu 8 hadi 20 mtaani kwake, bila mfadhili na bila mkufunzi wa kulipwa. Utaona ninakaa sana kwenye mambo yanayofanana na umbea: nani anaalikwa vipi, nani anatembea mbele, nani anampigia nani simu. Nimefanya hivyo makusudi. Mazoezi yenyewe ni rahisi na mtu anaweza kuyafanya sebuleni peke yake. Kinachomshinda mzee kukipata sebuleni ni mtu wa kugundua kwamba leo hakuonekana.

Kipimo cha kuanzia

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya usawa wa mwili ya kuzuia kuanguka siku 3 au zaidi. Usiwatajie wazee dakika 150 siku ya kwanza, wataona ni mlima. Waambie ni nusu saa kwa siku 5, na kwamba kutembea kwa miguu kwenda sokoni au kanisani kunahesabiwa. Kikundi kikikutana mara 3 kwa wiki, kila mara dakika 40 hivi, kazi kubwa imeshafanyika na kinachobaki mtu atakijaza mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Tafuta watu watatu kwa miguu yako

Usianze kwa tangazo. Ukiweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa watakuja wale wale ambao tayari wanatembea kila asubuhi na raba mpya. Unayemtafuta pengine ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, au ana simu kubwa aliyopewa na mwanawe na haifungui.

Watu waliofichika Nairobi wana alama zao. Kuna shosho aliyeletwa kutoka kijijini kulea mjukuu. Yuko ghorofa ya nne, hamjui mtu, Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na mwanawe akienda kazini geti linafungwa. Kuna mzee aliyefiwa na mke, ambaye mke ndiye aliyekuwa akijua majirani wote. Kuna aliyekuwa bosi na sasa anaona haya kuonekana akinunua sukuma wiki mwenyewe. Na kuna aliyepata kiharusi, mkono mmoja umelegea, hataki watu wamwone. Waulize soja wa getini na mama mboga, maana hao wawili wanajua nani hajatoka nje tangu Krismasi.

Ukimpata, usitamke neno "mazoezi". Kwa wengi wetu mazoezi ni ya vijana, au ni adhabu ya daktari. Sema, "Nisindikize hadi sokoni." Ni vigumu kwa Mswahili au kwa Mkenya yeyote aliyelelewa vizuri kukataa kumsindikiza mtu. Mkirudi, mwambie, "Kesho kutwa saa mbili napita hapa tena." Fanya hivyo wiki mbili na watu watatu, kila mmoja kwa zamu, kisha uwakutanishe.

Wanaume wana shida yao, nami nimeijua kwa kushindwa mara kadhaa. Mwanaume aliyestaafu haji kwa sababu amealikwa, huja kwa sababu anahitajika. Mpe kazi kabla hujampa mazoezi: ashike saa, abebe maji, atunze kitabu cha majina, achunguze kama njia imechimbwa. Ikiwa mtaani kwenu wapo wanaocheza bao au drafti chini ya mti, panga matembezi yaishie hapo hapo. Watatembea dakika 30 ili wafike kwenye mchezo wao, na hakuna ubaya wowote.

Hatua ya pili: Chagua saa ambayo haimwachi mtu nje

Watu wengi husema alfajiri, saa kumi na mbili, kwa kuwa kuna hewa safi. Mimi nasema la. Saa hiyo shosho anayelea wajukuu anawapeleka kwenye basi la shule, giza halijaisha vizuri, na aliyeamka na magoti makavu bado hajanyooka. Sisi hukutana saa mbili asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Watoto wameenda, chai imenywewa, dawa zimemezwa, na barabara za ndani ya mtaa zimetulia kidogo. Wasioweza asubuhi wanaweza kuwa na zamu ya saa kumi jioni, lakini hakikisha kila mtu amefika nyumbani kabla jua kuzama.

Ukishachagua siku, usiibadilishe hata mkibaki wawili.

Hatua ya tatu: Jua nani ana nini mwilini

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Mtafute wa mtaa wenu kupitia Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani, au zahanati iliyo karibu, mwombe aje siku ya kwanza na baada ya hapo mara moja kwa mwezi. Wengi huja kwa furaha kwa sababu mnamrahisishia kazi ya kupanda ngazi za fleti moja moja.

Muulize kila mtu faraghani, usimuulize mbele za wengine: Umewahi kuumwa kifua ukitembea? Umeanguka mara ngapi mwaka huu? Unameza dawa gani? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Aliyewahi kuumwa kifua, aliyepata kiharusi, anayekosa pumzi akiwa amekaa, au anayeanguka bila kujikwaa amwone daktari kwanza. Ikiwa presha ya mtu imesoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hatembei. Akae na wenzake, apumzike, apimwe tena, na ikibaki juu aende kliniki. Kama pamoja na presha hiyo kichwa kinamuuma vibaya, macho yanaona ukungu au kifua kinabana, msisubiri kumpima tena, mpelekeni hospitali.

Mwenye sukari anayedunga insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari asije na tumbo tupu. Mfukoni mwa kiongozi iwepo sukari ya kawaida. Mtu akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kusema maneno yasiyoeleweka, mkalishe. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, subiri dakika 15, umwangalie. Asipopata nafuu, mkimbizeni hospitali. Akizimia, usimwekee kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali vile vile.

Kila mmoja abebe kadi ngumu mfukoni: jina, ugonjwa, dawa, namba ya simu ya mtoto au jirani. Tuliziandika kwa mkono kwenye karatasi za manila na kuzifunika kwa gundi ya plastiki. Na kwa kuwa bima ya taifa ya afya, NHIF, ilifungwa na mahali pake pakachukuliwa na SHA kuanzia Oktoba 2024, tumia siku hiyo hiyo kuuliza nani bado hajajisajili. Tulikuta wengi hawajajisajili kwa sababu hakuna aliyekaa nao chini na simu mkononi akawasaidia hatua kwa hatua.

Hatua ya nne: Pima njia kwa miguu ya anayetembea polepole kuliko wote

Chukua yule mwenye mkongojo, muende naye. Usichague njia ukiwa peke yako, kwa sababu utayaruka mashimo bila kujua umeyaruka. Angalia mtaro usio na kifuniko, bodaboda wanaopita juu ya njia ya watu, mbwa walio huru, na mahali ambapo matatu hupandisha gurudumu kando. Barabara kubwa kama Mumias South Road au Jogoo Road ziacheni, au mzivuke mahali pamoja tu, wote kwa pamoja.

Tafuta mambo matatu. La kwanza, pa kukaa: benchi, ukuta mfupi, hata jiwe, kila baada ya mita 150 au 200. La pili, choo. Hili watu huona haya kulisema, lakini baadhi ya dawa za presha zinamfanya mtu akojoe mara kwa mara, na mama mwenye umri wa miaka 70 atakaa nyumbani kuliko kuhatarisha aibu. Ongea na kanisa, msikiti au hoteli iliyo njiani mkubaliane kwamba wazee wakipita wataruhusiwa kuingia. La tatu, njia iwe ya mzunguko. Njia ya kwenda mbali na kurudi inamfunga aliyechoka, bali mzunguko mfupi unaopita getini tena na tena unamruhusu kukaa na kuungana na wenzake wakipita.

Mara moja kwa mwezi, ondokeni mtaani. Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, ina miti mikubwa na njia fupi, na ilianzishwa mwaka 1907, kwa hiyo kuna miti pale iliyotuzidi sote umri. Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, na wengi wetu tunakumbuka Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipopigwa wakiutetea usigawiwe wajenzi. Ukimpeleka mzee pale ataanza kukuhadithia siku hizo bila kuombwa, na mzee anayehadithia hutembea mbali bila kujua. Hesabuni mapema nauli na kiingilio, mchague njia pana, na muepuke siku iliyofuata mvua kubwa kwa sababu mizizi huteleza.

Hatua ya tano: Kipindi chenyewe

Mpangilio wetu ni huu. Dakika 5 za kusalimiana na kuandika majina. Usizikate. Dakika 8 za kupasha mwili moto: kuzungusha mabega, kukunja na kunyoosha viganja, kuinua magoti papo hapo, kugeuza shingo taratibu kushoto na kulia. Kisha matembezi ya dakika 15 hadi 20. Mwendo sahihi ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba aongeze kidogo, akishindwa kuzungumza apunguze.

Sheria yetu kuu ni kwamba anayetembea polepole ndiye anayetangulia. Vikundi vingi nilivyoviona mwenye mbio hutangulia, wa nyuma anaachwa mita 100, wa mbele wanasimama kumsubiri, na anapofika tu wanaondoka. Kumbe yeye peke yake ndiye hakupumzika. Baada ya mara tatu harudi tena, na watasema alikuwa mvivu. Kwa wenye nguvu, kuna mzunguko mrefu: wanaachana na wenzao kwenye kona fulani na kurudi getini dakika ile ile. Nyuma kabisa awepo mtu mmoja mwenye simu na kadi, ambaye hapitwi na hampiti mtu.

Mkirudi, viti vya plastiki viwe vimepangwa, migongo ikiegemea ukuta ili visiteleze. Zoezi la kwanza ni kukaa na kusimama bila kushika kitu, mikono kifuani, mara 5, mkipumzika, kisha mara 5 tena. Asiyeweza ashike kiti, au awekewe mto wa kukiinua. Zoezi hili ndilo linaloamua kama mtu ataweza kujiinua chooni peke yake miaka mitano ijayo, kwa hiyo hatuliachi hata siku moja. La pili, kusukuma ukuta kwa viganja, kifua kikisogea na kurudi. La tatu, kusimama kwa vidole vya miguu na kushuka pole pole, mkishika nguzo. La nne ni la usawa: mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, hesabu hadi 10, na jirani amesimama kando tayari kushika. Malizieni kwa kupumua na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu.

Kila miezi mitatu fanyeni kipimo hiki. Mtu akae kitini, asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Asikimbie, atembee kawaida. Anayechukua sekunde 12 au zaidi yuko katika hatari ya kuanguka, na huyo aongezewe mazoezi ya usawa, macho yake yapimwe, na mtu aende nyumbani kwake kuangalia zulia linalojikunja na ngazi isiyo na taa. Tunaandika sekunde za kila mmoja. Hatushindanishi watu, kila mtu anashindana na karatasi yake.

Kifua kikibana, jasho baridi, mkono kufa ganzi, mdomo kupinda upande mmoja, kizunguzungu kisichoisha: hapo mazoezi yameisha kwa wote, gari linatafutwa. Kubalianeni mapema ni gari la nani.

Kisha chai. Kikundi kisicho na chai hufa kabla ya mvua za kwanza. Chupa mbili, moja isiyo na sukari, kaimati au viazi vitamu, na nusu saa ya kukaa bila ajenda.

Hatua ya sita: Asiyeweza kutembea naye ana nafasi yake

Huyu asifanywe mtazamaji. Aliye kwenye kiti cha magurudumu au mwenye magoti yaliyokataa hubaki getini na mwenzake mmoja, wakifanya mazoezi ya kukaa: kuinua mguu mmoja na kuushikilia, kunyanyua chupa za maji za nusu lita, kurushiana mpira mwepesi. Yeye ndiye mtunza kitabu, na hakuna anayeanza kutembea kabla hajamwandika. Asiyesikia vizuri asimame mbele anapoona midomo ya kiongozi. Asiyeona ashike kiwiko cha mwenzake, mwenzake asimshike yeye. Asiyejua Kiswahili atafutiwe mwenzake wa lugha yake kwa mwezi wa kwanza, halafu wagawanywe, maana wakibaki wawili siku zote watakuwa kikundi ndani ya kikundi.

Na nguo. Tangaza mapema kwamba hakuna sare. Leso, kofia, sweta la zamani, vyote vinafaa, mradi viatu visiteleze na visigino vimefungwa. Ndala hapana. Asiye na raba, wawili watatu wachange kimya kimya wamletee za mitumba kutoka soko la Gikomba, na apewe nyumbani kwake.

Kama kuna anayedhani akina shosho ni wa kukalia kiti tu, mkumbushe Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ambako wanawake wazee walijifunza kupiga ngumi na mateke ili kujikinga na wanaowavamia.

Hatua ya saba: Pesa na ukumbi

Changeni ya chai tu, shilingi 20 au 50, na asiye nayo asiulizwe. Mtashawishika kugeuza kikundi kuwa chama cha mikopo mwezi wa tatu hivi. Nawasihi msubiri angalau mwaka, na mkianzisha, kitabu na siku yake viwe mbali kabisa na matembezi. Tulimpoteza mama mmoja mchangamfu kwa deni la shilingi 1,500. Hakuacha kutupenda, aliona haya kupita getini. Wazee wengi wa miaka 70 na zaidi wanategemea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali, kwa mwezi, na hizo huchelewa.

Mkifika watu 10 mnaweza kujisajili kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Cheti kinasaidia mkiomba ukumbi wa kaunti. Mkiandika barua, tajeni Kifungu cha 57 cha Katiba, kinachoitaka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Katiba inamhesabu mzee kuwa aliyezidi miaka 60. Andikeni kwa adabu, lakini msiandike kama mnaoomba sadaka.

Ukumbi mtauhitaji Machi hadi Mei, Oktoba hadi Desemba, na asubuhi za Julai zenye baridi inayoingia mifupani. Usipopatikana, sehemu ya kuegeshea magari chini ya fleti inatosha, mkiweka viti na kutembea mkizunguka nguzo.

Hatua ya nane: Kitabu cha waliokosekana

Nunueni daftari la kurasa 200. Kila mtu ana mwenzake wa karibu, kwa umbali wa nyumba, wala si kwa urafiki. Ukikosa mara moja bila kusema, mwenzako anakupigia siku hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana. Apige, asitume ujumbe, kwa sababu sauti ya mtu inasema mengi. Usipopokea, anabisha mlango wako. Ukikosa mara mbili, wanakuja wawili, hata kama ulipokea simu na kusema uko sawa. Tumekuta mara moja mtu "aliye sawa" akiwa hajala siku mbili.

Anayesafiri ushago kupanda au kwa mazishi anaaga, jina lake linawekwa nyota, na mwenzake anampigia kila Jumamosi. Akirudi, anatembea mzunguko mfupi wiki ya kwanza.

Jirani yangu, yule wa muuza maziwa, ndiye mtunza kitabu sasa. Magoti yamemkatalia mzunguko mrefu. Alhamisi moja nilichelewa dakika 10 kwa sababu ya maji yaliyokatika, na nilipotoka nilimkuta tayari ameinua fimbo kugonga mlango wangu.

Siku yako ya kwanza akitokea mtu mmoja tu, andikeni majina mawili, mtembee, mnywe chai, na mmwambie soja kwamba Alhamisi mtakuwa pale pale.